Papier Léger

Eddy alimvua Raphaël miwani, akaikunja, akaiweka juu ya rafu. Kisha akampiga ngumi ya mdomo.

"Disketi ziko wapi?" alifoka, kwa sauti ya kufika mpaka ng'ambo ya barabara.

Raphaël aliangukia skana. Jino lake likabaki juu ya kioo.

Na hawa walikuwa marafiki! Miaka mitano kabla ya vita walirudi mjini kwao Baraka kutoka masomoni Bukavu, wakafungua kampuni na kuiita Papier Léger, karatasi nyepesi. Raphaël alizipiga karatasi picha kwa skana. Eddy alitunga programu ya kuzibana picha hizo zienee mahali padogo. Watu waliwacheka sana. Nani Baraka ana haja ya kubana karatasi, wakati kuna samaki wa kukausha? Lakini paroko alileta madaftari ya ubatizo, wavuvi wakaleta yao, na mwisho bureau ya Fizi, ofisi ya serikali, ikaleta daftari la familia zote, kurasa mia tatu. Mtu mwingine angejaza disketi thelathini. Programu ya Eddy ilizitia kwenye sita. Siku hiyo walichinja mbuzi, wakanywa pombe ya kasiksi mpaka Eddy akaiimbia kompyuta.

Mwaka 1998 bureau iliungua, na daftari likaungua nayo. Zikabaki zile disketi sita tu: kila nyumba, kila baba, kila mtoto wa kiume na umri wake.

Jana komanda wa askari walioushika mji aliingia ofisini kwa Raphaël. "Kesho saa sita nakuja kubeba ile liste ya majina," alisema. "Ikikosa, tunakuzika."

Hakusema ataifanyia nini. Katika kijiji kimoja cha ufukweni walishajua: askari walisoma majina mlango kwa mlango, na kila aliyeitikia alipigwa risasi.

Eddy naye alikuwa ametoweka tangu mwezi wa tatu. Ilisemwa yuko milimani na wapiganaji, na wapiganaji hao nao walikuwa na watu wao wa kuwatafuta. Sasa alikuwa amerudi, na nyundo mkononi.

"Sie batu ya mulima tunataka liste leo!" alipiga kelele. "Leta, ao mi nakuua!"

Dirisha lilikuwa wazi. Ng'ambo ya barabara Florentine, mshonaji wa nguo, aliacha kukanyaga cherehani. Alimwona Eddy akiipondaponda kompyuta, ile ile aliyoiimbia. Alimwona akimburuta mwenzake kwa kola ya shati. Alimwona akiuweka mkono wa kushoto wa Raphaël juu ya meza, karibu kabisa na dirisha.

Nyundo ilishuka mara mbili. Kilio cha Raphaël kilisikika hadi sokoni. Urafiki wa miaka kumi, na mtu akainua nyundo hivyo! Inatia uchungu hata kusimulia.

"Banamuua Raphaël!" Florentine alilia. "Batu ya mulima banamuua!" Akafunga kitenge kiunoni akakimbia kuelekea kambini kuwaita askari.

Ilikuwa saa tano na nusu.

Eddy alichungulia mpaka mama yule alipokata kona, kisha akalifunga dirisha. Raphaël alikuwa sakafuni, damu imemlowesha shati lote, vidole viwili vimegeukia pasipo pake. Eddy akapiga magoti kando yake.

"Ameenda," alisema polepole. "Atabaambia askari ni batu ya mulima balibeba liste. Inatosha, ndugu yangu."

Raphaël alitema damu ndani ya jiko la chai. Humo, juu ya majivu, disketi sita zilikuwa zimeyeyuka tangu alfajiri, walipozitia wote wawili, moja moja, bila kuangaliana. Akaunyoosha mguu wake juu ya kizingiti.

"Haiyatosha," akasema. "Bakinikuta natembea, batajua ni sie tuliichoma. Bado mugulu. Vunja, halafu ukimbie."