Kijisweta cha Manjano

Sheria ilikuwa fupi: picha yoyote inayotundikwa nyumbani ifungwe kioo kinachoonyesha kila tabaka lililofunikwa. Fundi wa serikali alikifunga sebuleni kwa Mwanahawa, mchoraji wa Lushoto, akaenda zake.

Picha yenyewe haikuwa na umbo la kitu chochote. Mwanahawa aliianza wiki aliyofariki binti yake, Salha, akaendelea nayo miaka tisa: chokaa, udongo mwekundu, nyuzi za mkonge zilizolowekwa kwenye gundi, kisha rangi juu ya rangi. Kila tabaka lilipokauka maumivu yalipungua kidogo, mpaka yakaisha, na hisia nyingine zote zikaisha nayo.

Mumewe, Shekiondo, alianza kuzungusha kitufe cha kioo. Buluu ikaondoka, mkonge ukaondoka, udongo ukaondoka. Chini kabisa kulikuwa na kijisweta cha manjano.

"Mama Salha," aliita polepole. "Uliniambia umekitoa sadaka."

"Nilikuambia hivyo."

"Mwaka mzima nilikuwa nawatazama watoto wa watu vifuani, nikikitafuta."

Mwanahawa alingoja machozi. Hayakuja. Aliona tu kwamba ile manjano haikupauka.

"Nikupakulie, Baba Salha? Chakula kinapoa."

"Kula wewe. Na hicho kioo usikizime."

Hakijazimwa mpaka leo. Shekiondo hula pale mbele yake, akikisemesha kile kijisweta kwa sauti ya chini. Mwanahawa hula jikoni, na mara nyingine humsikia mumewe akinyamaza kidogo, kama anayesikiliza, kisha akicheka.