Simu Isiyopepesa

Kwa miaka minne Tunu alisaka simu ambayo mwanga wake haupepesi. Kila aliyoijaribu alipunga mwiko mbele ya kioo chake, na mwiko mmoja ukaonekana kama miko mitatu. Hapo macho yalikuwa yameshaanza kumwasha kwa ule mwanga. Jumatatu akaipata moja ya magendo. Akapunga, akaona mwiko mmoja tu. Alilia kwa furaha.

Alijua fika kwamba kwa kupepesa kule ndiko serikali ilikuwa ikihesabu watu walio hai. Alidhani asipohesabiwa wataishia kumwita ofisini.

Alhamisi asubuhi turubai likafungwa uani. Majirani wakaja na mikeka na masufuria, na Bi Sauda, mama mkwe wake, akaingia huku machozi yanamtiririka.

"Mama, mimi si huyu hapa!"

"Nakuona, mwanangu. Lakini tangazo limeshatoka, tutafanyaje?"

Tunu akaikimbilia simu yake ya zamani, ile inayopepesa, akaikodolea macho mpaka kichwa kikamgonga. Kioo kikaandika: Poleni kwa msiba.

Bi Sauda akamshika mkono, akamketisha mkekani.

"Maziko ni alasiri," akamwambia kwa upole. "Chai umekunywa?"