Kiuno cha Fundi

Suruali ya fundi cherehani ilimwanguka mbele ya mteja.

Alikuwa anampima mwalimu mmoja mabega, mikono juu, mara kitambaa kikateremka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mwalimu akatazama dari. Fundi akaivuta suruali, akaishikilia kwa mkono mmoja, akaendelea kupima kwa mkono wa pili. Jioni akaibana tena kiuno.

Bi Mdogo, mke wake wa pili, kila akiona mshono mpya kwenye kiuno cha suruali ile alikwenda kuitazama sebule. Alikuwa na mpango wa kuigeuza duka. Fundi alikwisha sema mbele ya ndugu zake kwamba siku akifumba macho, nyumba ni ya Bi Mdogo.

Nyumba yenyewe matofali yake aliyabeba Bi Mkubwa kichwani, na mimba ya kwanza tumboni, wakati huo fundi bado anajifunza kutia mfuko. Halafu Bi Mdogo akaja kushonewa gauni, akashonewa, asiondoke. Siku Bi Mkubwa alipohamishiwa chumba cha uani, Bi Mdogo alimkusanyia vitu vyake kwenye beseni la bluu lenye ufa, akamwekea mlangoni.

Bi Mkubwa hakulia. Alisema neno moja tu, muuza mkaa wa jirani akalisikia, kwa hiyo mtaa mzima ukalisikia.

"Mdomo ulionifukuza utakula tena chakula cha mkono wangu. Hapo ndipo tutalipana."

Siku hiyo ilifika, tena kwa miguu ya Bi Mdogo mwenyewe. Yeye hakujua kupika kitu kisichoelea kwenye mafuta. Kuku wa kukaanga, chipsi, soda baridi. Wiki ikianza jikoni ni harusi, ikifika katikati wanatazamana. Fundi akafura. Miguu ikavimba, tundu la sindano akaliona mawili, wateja wakapungua, na pesa ya jikoni nayo ikapungua. Daktari akamwambia wazi kwamba kwa mwendo ule mwaka hautaisha naye.

Bi Mdogo akawaza, akawazua. Kisha akabisha hodi chumba cha uani, na adabu zote.

"Dada, kwa pesa hii mimi siwezi. Pokea jiko. Mpikie unavyojua wewe."

"Ninavyojua mimi?"

"Unavyojua wewe. Sitauliza kitu."

Bi Mkubwa akatabasamu, akapandisha mikono ya gauni.

Sokoni alikwenda jua likishuka, wachuuzi wamekwisha choka kuzibembeleza mboga zao. Alirudi na majani ya maboga, kunde, viazi vitamu vilivyopinda visivyotakiwa na mtu, na unga usiokobolewa. Maharage aliyaloweka mapema ili yasimmalizie mkaa. Mafuta aliyatia kama anayetia dawa ya macho. Soda akaipiga marufuku, akaweka mtungi wa maji. Fundi akalalamika kwamba analishwa majani kama mbuzi.

"Kula, baba watoto," Bi Mkubwa akamwambia. "Mbuzi hajawahi kunifukuza."

Tena hakumwacha akae. Mara vifungo vimeisha, mara uzi umekatika. Aende mwenyewe, kwa miguu, mpaka lile duka la mwisho wa barabara, na jua lote lile. Muuza mkaa akaanza kunong'ona kwamba yule mama anamuua mtu mchana kweupe, tena kwa gharama ndogo ajabu. Bi Mdogo akamkanya aache maneno ya watu.

Mashavu ya fundi yaliingia ndani. Shingo ikawa nyembamba, tumbo likaondoka bila kuaga. Hata kukoroma akaacha, Bi Mdogo akawa anamwekea kiganja puani, anasikia pumzi, anasonya, anageukia ukutani.

Halafu kikaja kitambaa cheupe. Kitambaa kizuri, cha bei, na pesa yake ilitoka kwenye chenji alizobakiza Bi Mkubwa jikoni. Fundi akajifungia nacho. Bi Mdogo alichungulia tundu la ufunguo, akamwona ameinama juu ya ule weupe, anashona taratibu, anatabasamu peke yake kama mtu aliyekwisha samehe wote. Hakumuuliza. Mtu anajishonea sanda, utamuuliza nini? Alichostaajabia ni yule mwenzake: kumuua amuue yeye, na sanda amnunulie yeye. Akaenda dukani kuchagua rangi ya kuta.

Asubuhi moja fundi akaenda kwa daktari. Bi Mdogo akakaa sebuleni kungoja habari, uso ameshauandaa kwa kilio. Huko uani Bi Mkubwa alisikika anasugua kitu kwa majivu, anaimba kwa puani.

Fundi alirudi, akapitiliza chumbani. Alipotoka alikuwa amenyoa ndevu, amevaa suti nyeupe iliyomkaa kiunoni kama kijana.

"Daktari anasema nitawazika ninyi nyote," akasema, akijigeuza mbele ya kioo. "Haya, niambieni, nimependeza? Yule msichana wa duka la vifungo, baba yake ananingoja. Naenda kuposa."

Bi Mdogo akageuka. Bi Mkubwa alikuwa ameinama mlangoni, anaweka chini beseni la bluu, tupu, limesuguliwa mpaka kwenye ufa.