Unga Chini ya Nguzo

Doreen aliuona unga wa mbao juu ya kofia ya mzee, mteja wake wa kila siku, akauegemeza ufagio ukutani.

Miaka tisa alikuwa akiufagia unga huo kila asubuhi kabla ya kufungua baa. Wadudu walikuwa wanaitafuna nguzo ya mwaloni iliyobeba nyumba nzima tangu enzi za wafalme wa kale, ile ambayo wageni wote wa mji wa York huipiga picha. Kila mwaka mkaguzi wa majengo alikuta sakafu safi.

"Mbona umeganda, bibie?" mzee akauliza, mgongo kauegemeza kwenye nguzo kama kawaida yake. "Au bia yangu itajimimina yenyewe?"

"Hama hapo kwanza."

"Miaka yote hii? Labda nibebwe!"

Kengele ya mlango ikalia. Mkaguzi aliingia akiinamisha kichwa, akaanza kutabasamu, kisha akaona unga sakafuni. Akachota ule unga kwa kidole. Ulikuwa laini kama wa ngano.

"Huu ni wa leo?"

"Wa leo."

"Jana haukuwepo?"

Doreen akavuta kiti, akaketi.

"Jana niliufagia."