Kiwimbi

"Futa Regina," mkubwa wangu wa kazi alisema, ameinama nyuma ya kiti changu. "Weka shemeji yangu hapo."

Ilikuwa orodha ya watakaovutiwa maji ya bomba huku Siakago. Regina ni mjane. Hubeba jerikeni kutoka Mto Ena.

Kompyuta ya mradi ilikuwa na programu mbili za kuandikia, Vi na Emacs. Vi nilishaizoea, lakini ukihifadhi, orodha ya zamani imepotea. Nikafungua Emacs, ambayo siku zote naitukana kwa uzito wake. Hiyo huacha nakala ya zamani kando.

"Leo mbona hii?"

"Nataka kuijua, mzee."

Nikafuta, nikaandika, nikahifadhi.

"Sasa nionyeshe faili zote."

Zilikuwa mbili za jina moja, ya pili, ile nakala ya zamani, ina alama ya kiwimbi (~) mwishoni. Kidole chake kikatua kwenye kile kiwimbi.