Daktari wa Rukanga

Teke la tatu lilimpata Obadiah mdomoni. Jino lake la mbele likatoka, likaanguka mchangani mbele ya jiko la mama yake.

"Bado mengine," alisema Silvanus. "Nitayatoa moja moja. Ndugu yangu akifa, sitahangaika na meno tena."

Alikuwa amemfunga Obadiah kwenye nguzo ya zizi kwa kamba ya katani, mikono nyuma, kama mbuzi wa Krismasi. Panga lilikuwa limechomekwa ardhini karibu naye. Ni panga la Obadiah mwenyewe. Saa sita mchana alikuwa amewakuta mbuzi wa Stephen shambani mwake kwa mara ya tatu, wamekula mbaazi mpaka shina, na Stephen amesimama pale anacheka. Akamkata pajani.

Sasa Stephen, mdogo wake Silvanus, alilazwa kwenye kitanda cha kamba kivulini. Paja lilikuwa limefunguka kutoka katikati hadi karibu na goti. Damu ilipita katikati ya kamba, ikadondoka chini, na kuku wakaanza kuisogelea. Mtu alikuwa ametumwa Maungu kwa baiskeli kutafuta gari, lakini gari lisingefika kabla ya jioni. Damu isingengoja.

"Daktari yuko wapi?" Silvanus alipaza sauti. "Rukanga nzima tulichinja ng'ombe, tukamsindikiza mpaka stesheni ya Voi aende kusomea udaktari. Leo atoke, tumwone!"

Thadeus, mdogo wake Obadiah, alitoka ndani akikunja mikono ya shati. Alikuwa na wiki moja tu nyumbani, likizo ya chuo kikuu. Sanduku lake la bati, lenye jina lake kwa rangi nyeupe, majirani walikuwa bado wanakuja kulishikashika. Alimtazama kaka yake pale nguzoni. Akalitazama lile paja. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Silvanus," Obadiah alisema kwa mdomo uliojaa damu, "huyu Thadeus bado haja..."

"Funga mdomo!" Thadeus alimfokea. Hakuwahi kumfokea mkubwa wake maishani. "Umeshafanya ya kutosha leo."

Silvanus alicheka. "Unaona? Hata daktari amekuchoka." Akachomoa panga, akalilaza shingoni mwa Obadiah, akaliacha hapo hapo. "Haya, fanya kazi. Ndugu kwa ndugu."

Thadeus alichukua tai yake ya chuo, ile ya mistari aliyopigia picha, akaifunga pajani, juu kidogo ya jeraha. Akapitisha mwiko wa ugali ndani yake, akauzungusha mpaka damu ikapungua.

"Mama, chemsha maji, utie na chumvi. Na sindano yako, ile iliyopinda."

Mama Penina alimtazama. Sindano hiyo alikuwa akiwashonea mbuzi walioraruliwa na chui. "Ya mbuzi?"

"Hiyo hiyo. Ichemshe pamoja na uzi."

Wanaume wanne walimkandamiza Stephen. Maji ya chumvi yalipomiminwa, alipiga ukelele uliowatimua kuku wote, akamuuma mwanamume mmoja kiganja mpaka damu. Thadeus akachoma sindano. Ngozi ilikataa. Akasukuma kwa nguvu, ikapasuka kwa mlio kama wa gunia, na uzi ukapita.

Kwenye mshono wa tatu midomo yake ikaanza kucheza. "Mensa, mensam, mensae..."

"Unasema nini?" Silvanus aliuliza.

"Maneno ya chuoni."

"Ni dawa?"

"Usinikatize, bwana."

Silvanus akavua kofia yake kwa mkono wa pili, akaibana kwapani kama yuko kanisani.

Kwenye mshono wa kumi Stephen alilegea, kichwa kikaanguka upande. Silvanus akapiga yowe. Panga likaingia ngozini, na damu nyembamba ikateremka shingoni mwa Obadiah hadi kwenye kola.

"Amekufa! Umemuua!"

Thadeus hakugeuka. "Amezimia. Mkate huyo, nami naitupa sindano hapa hapa. Ndugu yako namwacha wazi hivi alivyo."

Silvanus akalilegeza panga. Halikusonga tena.

Mishono ilifika kumi na tisa. Thadeus akaulegeza mwiko pole pole, na watu wote wakainama kutazama. Lilitoka tone moja, kisha jingine, halafu basi. Baada ya muda Stephen akafumbua jicho moja.

"Mbuzi wangu wako wapi?" akauliza.

Silvanus alilia kama mtoto. Kwa panga lile lile akakata kamba ya katani, na Obadiah akaanguka kifudifudi.

Jua likiwa linashika mlima Kasigau, gari lilifika na dresa mmoja, mfunga vidonda wa hospitali. Alifunua kitambaa, akapitisha kidole juu ya mshono, akatikisa kichwa kwa mshangao. "Kazi safi. Nani aliyeshona?"

"Daktari wetu," alisema Silvanus, kifua mbele. "Wa chuo kikuu."

Gari lilipoondoka, Mama Penina alichukua karai la bati akammiminia mwanawe maji ya kunawa. Thadeus akasugua damu iliyokauka kwenye kucha.

"Mwanangu, nilisimama pale roho mkononi. Kumbe hata chuoni watu mnawashona kama mimi ninavyoshona mbuzi?"

"Sijui, mama," alisema Thadeus. "Mwaka wa kwanza kila mwanafunzi anasoma historia, Kiingereza na Kilatini, zile mensa, mensam, hata sisi wa udaktari. Mwili wa mtu tunaanza mwakani, nikipita Kilatini."