Nyenje Wawili Mtungini

Kenge, ambaye starehe yake ilikuwa kukataza, aliwafungia nyenje wawili, dada na mdogo wake, ndani ya mtungi mtupu, akawatenganisha kwa jiwe.

"Atakayemwita mwenziwe, namla!"

Dada akakata shauri: kuita haiti, na kunyamaza hanyamazi. Akakwaruza mbawa zake, akipandisha na kushusha sauti, mpaka mtungi wenyewe ukavuma. Nyuma ya jiwe, mdogo wake akahisi udongo ukitetema chini ya miguu, naye akaimba sauti ileile. Mvumo ukazidi, mtungi ukapasuka.

Kenge akaja mbio. "Nani kamwita mwenziwe?"

"Hakuna," dada akajibu kutoka kichaka cha miiba walimokimbilia, mdogo wake ubavuni. "Kila mmoja alizungumza na mtungi wako. Huo hukuukataza."